Usiichemshe hiyo Meerrettich!

Zima jiko kwanza, halafu usome.

Umeandika umenunua kilo 2 za mizizi ya Meerrettich, ule mzizi mkali unaopanda puani ambao Waingereza wanauita horseradish, jioni hii unaikwaruza, unaichemsha na siki dakika 20, unajaza kwenye chupa "kama achari ya embe ya mama". Hapo ndipo nilipozama mimi.

Desemba 2019, naishi karibu na Nürnberg, Ujerumani, nikajitia fundi. Nikafuata kilo 5 kwa mkulima upande wa Baiersdorf, ambako Kren, ndivyo wanavyoiita huko, ni kama karafuu kwa Pemba. Euro hamsini na ushee zikaenda. Nikamenya hadi usiku, nikakwaruza madirisha wazi, baridi inanipiga, nimevaa miwani ya kuogelea. Msicheke. Mke wangu aliporudi na kuona machozi yale akauliza nani kafariki.

Halafu nikaitia yote sufuriani. Kuna jamaa kwenye kundi letu la WhatsApp, anajiita shefu, aliapa kwamba bila kuchemsha itaoza na tutaua watu. Nilipomrudia akasema labda mizizi ilikuwa feki. Feki! Imechimbwa mbele ya macho yangu! Shefu wa chai ya rangi yule.

Nyumba nzima ikawa inawasha pua, nami nafurahi eti kazi imekubali. Kumbe ule ukali uliokuwa unazunguka sebuleni ndio uliotakiwa ubaki chupani. Nikapata chupa 14 za kitu cha kijivu, na nilishawaahidi watu kazini. Bibi wa ghorofa ya chini akaonja, akakaa kimya, kisha akaniuliza kwa upole kama ni chakula cha mtoto mchanga.

Sisi tumezoea pilipili. Pilipili ichemshe tangu asubuhi mpaka jioni, ukali uko palepale. Kren sivyo. Mzizi mzima hata haunuki. Ukiukwaruza seli zinapasuka, kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili kilichomo mzizini, kinakutana na kemikali yake iitwayo sinigrini, ndipo yanazaliwa mafuta ya haradali yanayokupanda puani. Moto unayarusha mafuta hayo hewani, na kimeng'enya chenyewe kinakufa. Siki nayo inakisimamisha, kwa hiyo ukiiwahisha unapata kitu kilichopooza. Kwaruza, subiri dakika 2 au 3, ndipo utie siki BARIDI na chumvi, funika, weka friji. Tengeneza kidogo kidogo, maana hata frijini ukali hupungua.

Hata ule mchuzi wa moto wanaoula na nyama ya ng'ombe ya kuchemsha: siagi, unga na maziwa vinaiva kwanza, sufuria inatoka jikoni, Kren inaingia mwisho. Moto na Kren havikai nyumba moja.

Na aliyekujibu kwamba ni mlonge, hapana. Wajerumani wanauita mlonge Meerrettichbaum kwa sababu mizizi yake ina harufu ya namna hiyo, basi.

Ukitaka achari ya kumwagia siki ya moto, tengeneza ya matango, hayo yanaivumilia, tena tumbukiza na vipande viwili vitatu vya huo mzizi. Ila usiyaite ya Spreewald, eneo la mashariki mwa Ujerumani linalosifika kwa matango ya achari, ukiwa Dortmund, jina hilo linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 1999.

Leo kwaruza gramu 200 tu, mizizi mingine iache nzima. Dirisha wazi.

Jiko umeshazima?