Maswali ya Wasomaji: Nataka Kuwa Fundi Ndege, Naanzia Wapi?

Barua za ufundi ndege zimekuwa nyingi sana siku hizi, kwa hiyo safu yote ya leo nimewapa nyie mnaotaka kuingia hangani, yaani kwenye jengo la kutengenezea ndege, na nyie mlioingia tayari. Nimechukua tatu, nimezifupisha kidogo.

SWALI: Mambo vipi dada. Nimemaliza sekondari, hesabu na fizikia nilifanya vizuri na ndege nazipenda toka mdogo. Nimepata chuo kinachotoa diploma ya matengenezo ya ndege, tangazo lao linasema ukimaliza tu we ni fundi kamili. Mjomba wangu anasema diploma peke yake haitoshi, eti kuna leseni. Nimwamini nani?
– Mwenye haraka ya kuanza

JIBU: Mdogo wangu, mwamini mjomba, na ikiwezekana nenda naye siku ya kuulizia hicho chuo. Diploma inatoka chuoni, leseni inatoka mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi, na ni vitu viwili tofauti kabisa. Diploma inasema umesoma. Leseni ndo inakuweka kwenye njia ya kuruhusiwa kusaini kwamba ndege hii imetengenezwa inavyotakiwa na iko tayari kuruka, na kwenye hii kazi ile saini ndo kila kitu, mtu anaweza kukaza bolti vizuri kuliko wote hangani lakini kama hana idhini ya kusaini basi kazi yake lazima mwingine aisimamie na kuisainia.

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limeweka kiwango cha chini ambacho nchi wanachama wanajengea sheria zao: uwe na miaka 18 au zaidi, na uwe na uzoefu wa miaka 4 kwenye matengenezo ya ndege, au miaka 2 kama umemaliza kozi iliyoidhinishwa. Hilo neno kuidhinishwa lisome mara mbili, maana ndo swali la kwanza utakalouliza chuoni. Usiulize tu "mmesajiliwa?", chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kama chuo cha kawaida cha elimu na bado kikawa hakijaidhinishwa na mamlaka ya anga kufundisha kozi ya leseni. Waombe wakuonyeshe cheti chenyewe cha idhini kutoka mamlaka ya anga, angalia kinataja kozi gani na mpaka lini, halafu uthibitishe mamlaka wenyewe. Chuo kizuri hakikasiriki ukiuliza hivyo.

Kingine, ujue unaenda upande gani. Kwa mfumo wa EASA, shirika la Ulaya la usalama wa anga, ambao nchi nyingi zimeufuata au kuuiga, leseni ya B1 ni ya mitambo, yaani injini, bodi, magurudumu, haidroliki na umeme wa ndege, na B2 ni ya avioniki, yaani redio, rada, vyombo vya rubani, otopailoti. Kuna na A ya kazi ndogondogo za kila siku. B1 yenyewe imegawanyika tena: ndege za injini za tabini (kama za jeti), ndege za pistoni, helikopta za tabini na helikopta za pistoni. Kozi kamili ya B1 ya ndege za tabini ni saa 2400, na nusu au chini kidogo ya hapo lazima iwe vitendo. Kwa hiyo chuo kikikuonyesha madarasa mazuri na kompyuta mpya, we omba kuona karakana. Kuna injini ya kufungua? Kuna ndege halisi hata ya zamani ambayo wanafunzi wanaigusa? Kama vitendo vyote ni picha ukutani, ondoka.

Mitihani yake inaenda kwa moduli, hesabu, fizikia, umeme, elektroniki, vifaa na metali, jinsi ya kufanya kazi ya matengenezo, aerodainamiki, sheria, udhaifu wa binadamu kazini, na kuendelea mpaka injini zenyewe, na kupasi ni asilimia 75. Marekani kule wana mfumo wao wa FAA, mamlaka yao ya anga, kuna cheti cha bodi ya ndege na cha injini, ukivitaka vyote viwili kwa njia ya kazi ni miezi 30 ya uzoefu, mtihani wa kuandika kupasi ni asilimia 70 halafu kuna wa mdomo na wa vitendo. Amua mapema unataka leseni ya mfumo upi maana kuhama baadaye sio kazi ya siku moja.

Na Kiingereza kisikupite. Manyuali nyingi za kutengeneza ndege zimeandikwa kwa Kiingereza kilichorahisishwa makusudi, sentensi fupifupi, ila lazima uielewe sentensi yote na onyo lililo juu yake kabla hujagusa kitu. Anza sasa hivi kusoma maelekezo ya kiufundi ya chochote ukipatacho.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni fundi magari wa muda mrefu, umri thelathini na kitu, injini naifungua na kuifunga bila kuangalia kitabu. Nataka kuhamia ndege. Nimechelewa? Na huu uzoefu wangu utahesabiwa?
– Fundi wa gereji

JIBU: Marahaba fundi. Umri wala usikusumbue, ICAO imeweka umri wa chini, wa juu haijaweka.

Uzoefu wako unaweza kusaidia kiasi. Kwa EASA mtu asiye na mafunzo yoyote ya ufundi anadaiwa miaka 5 ya uzoefu kwenye ndege zinazoruka kabla ya kupata B1 ya ndege za tabini, ila aliyesomea fani ya ufundi ambayo mamlaka inaikubali anadaiwa 3, na aliyepita kozi iliyoidhinishwa anadaiwa 2. Kwa hiyo kama una cheti halali cha fani kipeleke mamlaka wakuamulie, kama ujuzi umeupata gereji tu bila cheti usitegemee hesabu hiyo. Na hata wakikubali, mwaka mmoja angalau lazima uwe wa hivi karibuni kwenye ndege za aina ileile unayoombea leseni. Gari halijazi mwaka huo.

Sasa nikwambie kitu nilichokiona kwa mafundi magari wengi waliopita mikononi mwangu. Mikono wanayo mizuri kuliko vijana waliotoka sekondari, spana wanazijua, sauti ya chuma kinacholia vibaya wanaisikia mbali. Kinachowatesa ni hiyohiyo uliyoiandika kwa fahari, "bila kuangalia kitabu". Kwenye ndege hata kazi uliyoifanya jana, leo unafungua manyuali upya, unahakikisha ni toleo la sasa na linahusu ndege hii hasa, maana ndege mbili za kampuni moja zimesimama pamoja zinafanana rangi mpaka viti na bado bolti ya sehemu ileile ikawa namba tofauti.

Chukua waya wa kufungia bolti, kitu kidogo kabisa. Bolti mbili zina matundu kichwani, unapitisha waya wa chuma, unausokota, unaufunga kwenye bolti ya pili. Mwanafunzi wa kwanza anadhani ni pambo. Lakini waya lazima upite upande ambao bolti ikitaka kulegea, waya unaivuta kuirudisha kwenye kukaza, ukiupitisha upande wa pili umeisaidia kufunguka. Kwa waya wa saizi ya kawaida misokoto iwe 6 mpaka 8 kwa kila inchi, ukizidisha waya unachoka na kukatika, ukipunguza unalegea kwa mtikisiko. Na ile ncha ya mwisho unaikunja ndani isije ikamchana mkono fundi atakayekuja baada yako. Mkufunzi mzuri atakukatia huo waya mbele yako ukirudie mara nyingi tu, na fundi aliyezoea kuheshimiwa gereji hapo ndo anachukia. Usichukie. Pini za kupasua, zile za miguu miwili inayokunjwa kuzuia nati isifunguke, nazo zikishatoka hazirudi, unaweka mpya hata kama ya zamani inang'aa.

Ukikubali kuanza upya kwenye hilo, nakuambia utafika mbali, maana kuusikia mtambo tayari unako na hicho hakifundishiki haraka.

SWALI: Habari za kazi dada. Niko hangani kwa mazoezi, mwaka wa kwanza. Juzi zamu ya usiku tulikuwa tunakimbizana na muda, fundi mmoja mkubwa akaniambia nisaini kwenye kadi ya kazi na kwenye logibuku yangu, daftari la kuandikia kazi nilizofanya, kwamba nilikaza bolti za paneli fulani. Wakati zinakazwa nilikuwa stoo, sijui hata kama zilikazwa zote. Nilisaini. Sasa silali. Nikisema nitaonekana msaliti.
– Binti wa hangani

JIBU: Mdogo wangu, kwanza acha kusoma hapa, nenda kaseme. Leo. Nenda kwa supavaiza wa zamu, na kama supavaiza ndo huyo huyo nenda idara ya ubora, hangani zenye idhini zote zinatakiwa ziwe na mtu wa kupokea habari kama hizi. Mwambie namba ya ndege, tarehe, namba ya kadi, paneli ipi, halafu sema sentensi moja: nilisaini kazi ambayo sikuifanya na sikuiona. Usianze kueleza tabia ya yule fundi, hayo yatafuata. Kinachotakiwa kwanza ni mtu aende na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, akakague zile bolti.

Umerudi? Haya. Mwaka 1990, tarehe 10 Juni, ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven ilikuwa inapanda kutoka Birmingham kwenda Málaga, kioo cha mbele upande wa kapteni kikang'oka kizima. Kapteni akavutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamshika miguu, rubani msaidizi akaitua Southampton, na kapteni akapona. Kile kioo kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari hiyo. Kati ya bolti 90, bolti 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinavyotakiwa na 6 zilizobaki zilikuwa fupi. Aliyezifunga alikuwa na uzoefu mkubwa, alilinganisha bolti mpya na ya zamani kwa macho badala ya kuhakikisha namba kwenye katalogi ya vipuri, ilikuwa usiku, kazi ilikuwa nyingi, watu wachache, na hakukuwa na wa pili wa kuikagua ile kazi. Huyo aliifanya kwa mikono yake mwenyewe na bado ikatokea. Ya kwako hata mikono haikuwepo.

Kwenye moduli ya udhaifu wa binadamu mtafundishwa orodha ya mambo 12 yanayowafanya mafundi wakosee, aliyoyakusanya Gordon Dupont wa Kanada mwaka 1993, msongo, uchovu, kushinikizwa, kushindwa kusema hapana, na mengine. Wengi wanaikariri kwa ajili ya mtihani. Yako manne kwa usiku mmoja, na sikulaumu wewe peke yako, aliyekupa ile kadi ana kosa kubwa kuliko lako maana yeye anajua uzito wake.

Kuhusu logibuku, usifute na usichane ukurasa. Piga mstari mmoja juu ya ile kazi, maandishi yaendelee kusomeka, andika pembeni kwamba hukushiriki, weka tarehe na saini. Mkaguzi akikutana na mstari kama huo anaamini kurasa zingine zote. Na kazi ya paneli ikija tena omba uifanye wewe, mwenye leseni asimame pembeni yako toka bolti ya kwanza mpaka ya mwisho, ndo uandike.