Funza walivyonifunza

Alfajiri ya Alhamisi moja mwezi wa pili nilitoka uani kuwasha jiko, nikakanyaga kitu laini. Sikuwa nimevaa ndala. Nikawasha tochi ya simu. Sakafu ya saruji, kuanzia kwenye pipa la taka hadi kizingiti cha jiko, ilikuwa inatembea. Sina namna nyingine ya kusema. Funza weupe, wanene, kila mmoja kama punje ya wali uliokwisha kuiva, wametawanyika kama abiria walioshushwa Kariakoo, kila mtu na njia yake.

Nikafunua kifuniko. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: funza wakiwa wengi wana sauti. Mlio mdogo wa majimaji, kama mtu anakanda unga wa chapati chumba cha pili.

Tunaishi familia nne kwenye ua mmoja, Tabata, na pipa ni moja. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta mchawi. "Jamani, nani ametupa matumbo ya samaki humu?" nikauliza kwa sauti ya kusikika vyumba vyote. Jirani yangu wa chumba cha mbele alikuwa kwenye beseni lake la nguo. Hakuinua hata uso. "Dada, Jumamosi nani alikaanga vibua?"

Ni mimi.

Makosa niliyofanya asubuhi ile yalikuwa mengi, na nayaandika kwa sababu najua kuna mtu sasa hivi ameshika kopo la dawa ya mbu anataka kupuliza ndani ya pipa. Weka chini. Mimi nilipuliza nusu kopo. Nzi waliokuwa juu walidondoka, ndiyo, lakini funza wako ndani ya uchafu na dawa haiwafikii. Walijichimbia tu chini zaidi. Nikamwaga na mafuta ya taa, kama alivyokuwa akifanya bibi yangu kijijini. Baadhi walikufa. Kilichobaki ni pipa linalonuka kituo cha mafuta, na mwanangu wa miaka sita anapita pembeni na kiberiti kwenda kuwashia mama mwenye nyumba mshumaa. Sitarudia.

Kilichosaidia ni maji ya moto. Maji yanayochemka hasa, sio ya uvuguvugu, sufuria kubwa ile ya shughuli, ikajazwa mara mbili. Kwanza nilitoa salfeti la taka, nikaliingiza ndani ya jingine na kufunga midomo yote. Kisha nikamwaga maji ya kwanza taratibu kuzunguka kuta za pipa, nikafunika, nikanywa chai. Dakika kumi na tano hivi. Waliokuwa sakafuni niliwafagia kwa ufagio wa chelewa wakaenda kwenye beseni la zamani, nao wakapata maji yao. Kama pipa lako ni la plastiki nyembamba angalia, litapinda. Letu mpaka leo lina shingo upande.

Maji yale usiyamwage mtaroni. Yana mabaki ya samaki, na kesho utakuwa umehamisha tatizo kutoka pipani kwenda mbele ya mlango wa jirani. Sisi tulimwaga chooni.

Baada ya hapo ni kusugua, na kusugua kwenyewe kuna mahali pake. Watu tunasugua tumbo la pipa na kuacha mdomo. Nzi hana haja ya kuingia ndani kabisa. Anataga pale kwenye ukingo, chini ya mkunjo ambao kifuniko kinakalia, na kwenye bawaba na mashimo ya mkono. Nilipopitisha kidole na kitambaa chini ya ule mkunjo yalitoka machicha. Ndivyo yanavyofanana, machicha ya nazi yaliyokamuliwa, meupe yameshikana. Ukiona hivyo hayo ni mayai, umefika kabla yao. Mswaki wa zamani unafaa kuliko brashi kubwa.

Sabuni ya unga kwanza, suuza, halafu jiki kidogo kwenye maji baridi. Na hapa nisimame. Jiki usiichanganye na siki, wala na ile dawa ya kung'arishia choo yenye asidi. Ukivichanganya inatoka hewa inayokaba kifua, na watu wameishia hospitali kwa usafi wa aina hiyo. Kimoja tu kinatosha. Mwisho pindua pipa juani mpaka likauke kabisa. Kabisa, sio karibu. Unyevu wa chini ya pipa ndio kitanda chao.

Nilidhani nimemaliza. Siku mbili baadaye nikawa nafagia kona ya ukuta nyuma ya matofali yaliyobaki wakati wa kujenga choo, nikakuta vitu kama punje za ngano, kahawia nyekundu, vigumu. Nikasema panya wameanza. Nikavisukuma pembeni na ufagio. Alhamisi iliyofuata jiko langu lilikuwa na nzi kuliko nilivyowahi kuona, wazima, wapya, wanang'aa kijani.

Ndipo nilipokaa chini nikahesabu siku. Kwa joto la Dar la mwezi wa pili, linalopita nyuzi 30 mchana, yai la nzi halimalizi siku kabla halijaanguliwa. Nzi mmoja wa nyumbani anataga zaidi ya mayai 100 kwa mpigo, na hatagi mara moja tu. Funza anakula siku nne, tano. Akishiba anaacha chakula na kutafuta pakavu pa giza, ndiyo maana uliwakuta wanatembea. Hawakukimbia uchafu, wamemaliza kula. Huko pakavu anajifunga kwenye kile kiganda cha kahawia nilichokiita mavi ya panya, anakaa siku chache, anatoka akiwa nzi. Jumla ni kama siku saba hadi kumi.

Sasa weka hesabu hiyo pembeni ya ratiba ya gari la taka. Kwetu linapita Ijumaa. Vibua nilivipara Jumamosi mchana. Jumapili wameanguliwa. Alhamisi wanaondoka kwenda kulala nyuma ya matofali. Gari likija Ijumaa linabeba taka ambazo wenyewe wameshahama! Na hapo ni kama limekuja. Masika barabara yetu ikigeuka bwawa, wiki mbili zinaweza kupita.

Kwa hiyo mimi sipigani tena na funza. Napigana na kalenda. Swali langu kwa kila kitu kinachotupwa ni moja: hiki kitakaa humu siku ngapi, kikiwa kibichi?

Taka kavu sina shida nazo, zikae hata mwezi. Chupa vijana wanapita kuokota. Maganda ya viazi, ndizi na mabaki ya mchicha anachukua mama anayefuga mbuzi mtaa wa pili, na akikosa siku mbili ananiulizia. Kinachobaki ni kidogo sana, na ndicho chenye vita: samaki, kuku, nyama, ugali uliolala, na pampasi.

Samaki nimeacha kuparia nyumbani. Feri, na hata soko la hapa, kuna vijana wanaopara na kutoa matumbo kwa pesa ndogo. Ulichokuwa unaokoa kwa kupara mwenyewe unakilipa kwa mkaa wa kuchemsha maji. Ikibidi kupara nyumbani, matumbo, magamba na yale maji ya kuoshea (watu wanayasahau maji) hayaingii pipani. Maji chooni. Matumbo kwenye kopo la siagi lenye kifuniko, kopo ndani ya friza, na asubuhi ya Ijumaa nikisikia honi ya gari ndipo yanatoka. Najua umekunja uso. Hata mume wangu alikunja. Lakini fikiria: samaki mzima ulimweka humohumo jana, matumbo yake yamekosa nini?

Asiye na friji achimbe shimo, lisipungue dhiraa moja kwenda chini, ashindilie udongo. La juujuu linafukuliwa na paka, na funza wenyewe hupenya udongo uliolegea. Kama huna hata pa kuchimba, na nyumba nyingi za kupanga hazina, basi majivu. Ni mbinu ya choo cha shimo, wala sio mpya. Kila ukitupa kitu kibichi nyunyiza majivu juu yake mpaka kisionekane. Yanakausha ngozi ya juu na nzi hapati pa kutagia. Anayepikia gesi aombe kwa mama lishe au muuza chipsi. Ila yawe yamepoa. Jirani yetu alimwaga yenye kaa la moto ndani, salfeti likashika, tukaamka na moshi.

Zamani tulikuwa wavivu kwa raha. Matumbo ndani ya rambo, rambo ndani ya rambo, fundo, umemaliza. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 taka nyingi zinakaa kwenye salfeti, nalo limefumwa. Lina matundu ya kuvujisha majimaji na ya kupitishia funza mchanga. Mimi naweka magazeti ya zamani chini ya pipa na chini ya salfeti, yanafyonza. Pampasi kinyesi kinakwenda chooni kwanza, halafu inakunjwa na kugundishwa kwa gundi zake zenyewe. Ni kazi ya nusu dakika, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Kuhusu vitu vya kunukia, nimejaribu karafuu, mchaichai, maganda ya limau. Pipa lilinukia pilau na funza walikuwepo. Kipande cha chandarua cha zamani chenye lastiki kuzunguka mdomo wa pipa kinasaidia kiasi, hasa kama kifuniko kimelegea, ila kama ndani kuna samaki yule nzi wa kijani atataga juu ya chandarua na watoto watadondoka ndani. Bora kifuniko kibane.

Jambo moja la lugha, kwa sababu lilileta kizaazaa uani. Bibi wa chumba cha nyuma aliposikia "funza" alikataza wajukuu kutoka bila viatu mwezi mzima, akiogopa wataingia vidoleni. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, hawa sio wale." Wale wanaoingia miguuni, tekenya, ni aina ya kiroboto, jina tu ndilo limewaunganisha. Wa pipani wanataka kitu kinachooza, sio kidole cha mtoto. Wapo nzi wengine wanaotaga kwenye nguo zilizoanikwa mbichi na hao kweli funza wao huingia kwenye ngozi, ndiyo maana tulifundishwa kupiga pasi hadi mishono, lakini hao pipa lako haliwahusu. Hatari ya nzi wa taka ni miguu yake: anatoka chooni, anapita pipani, anakuja kutua kwenye wali wako. Kuhara na kipindupindu vinapenda njia hiyo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimesema vizuri, na wajukuu waliendelea kuvaa viatu.

Wazee wa Tabata hata hivyo huwezi kuwatisha na habari za nzi. Huku kuna mahali mpaka leo panaitwa Dampo, kwa sababu taka za jiji zima zilikuwa zinamwagwa hapa, mpaka wakazi walipokwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 na kushinda. Siku hizi magari yanakwenda Pugu Kinyamwezi. Mzee mmoja wa mtaani aliniambia enzi hizo ulikuwa unakula kwa mkono mmoja na kupunga kwa mwingine, kisha akaliangalia pipa letu lenye shingo upande, akacheka.

Kuku, kabla sijasahau. Ukiwa nao, waachie wale funza wa sakafuni, watakushukuru. Ila kabla ya dawa yoyote. Ukishapuliza, ukishamwaga jiki au mafuta ya taa, wafungie kuku.

Tangu nianze mtindo wa friza ni mwaka na miezi, na sijakanyaga kitu laini tena. Tatizo lilikuja kutoka upande mwingine. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga kutuangalia, akaamka mapema kutupikia kama kawaida yake. Niliingia jikoni nikakuta kopo la siagi limewekwa kwenye maji ya uvuguvugu liyeyuke, nazi imeshakunwa, bizari iko pembeni. "Mwanangu," akaniambia, "hivi vichwa vya samaki mbona umevikatakata vidogo hivi?"

Sasa kopo lina maandishi meusi ya kalamu nene, kifunikoni na ubavuni: TAKA. SIO SUPU.