Mwanafunzi akikosea, muulize kwanza amefikaje hapo

Walimu wenzangu, kuna hii dhana imeenea sana kwamba kufundisha kwa utu maana yake mwalimu awe mpole, asigombeze, agawe maksi za huruma, kila mwanafunzi afanye anachotaka, alafu mwisho wa mwaka matokeo yakija mabaya lawama zote zimrudie yeye. Mimi nafundisha hisabati, somo ambalo wengi wanaingia darasani tayari wanaliogopa, na nasema wazi kabisa kwamba utu darasani sio upole, ni kazi, tena ngumu kuliko kugomba. Na sehemu kubwa ya hiyo kazi ni kusikiliza. Sisemi kusikiliza shida zao za nyumbani (hilo nalo lipo, ntaligusa), nasema kusikiliza wanavyofikiri.

Chukua hii. Umeandika ubaoni 1/2 + 1/3 na mwanafunzi anakwambia jibu ni 2/5. Kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Mwalimu yeyote wa hisabati kashakutana na hilo jibu na tunajua huwa tunasemaje, "kaa chini, nani mwingine?" Basi kuna mwanafunzi nilimuuliza, na nilikuwa nataka kujua kweli, hebu nielekeze umefikaje hapo. Akasema mwalimu, jaribio la kwanza lilikuwa na maswali mawili nikapata moja, la pili lilikuwa na maswali matatu nikapata moja, si jumla maswali matano nimepata mawili? Na ni kweli jamani! Kwenye maksi ndivyo tunavyojumlisha sisi wenyewe. Tatizo ni kwamba yeye alikuwa na makundi mawili tofauti, la maswali mawili na la maswali matatu, wakati ubaoni tunaongelea nusu na theluthi ya kitu kimoja kilekile. Nikamwambia hesabu yako ya maksi iko sawa, sasa niambie, nusu na 2/5 ipi kubwa? Akafikiria, akasema nusu. Nikamuuliza, sasa umeanza na nusu, ukaongeza kitu juu yake, imekuwaje umeishia na kidogo kuliko ulichoanza nacho? Akafuta mwenyewe. Sikumwambia amekosea hata mara moja, na darasa zima lilikuwa linafuatilia kwasababu nusu yao walikuwa na jibu hilohilo kwenye daftari na walikuwa wanaogopa kulisema.

Ukiwahi kusema "hapana, tafuta kigawe kidogo cha shirika" atakariri njia, atapata maksi, na ile fikra ya zamani itabaki palepale kichwani inasubiri mtihani ujao.

Haya mambo hatujayaanza sisi. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetokea kwenye ushauri nasaha, alitoa kitabu kizima kuhusu elimu mwaka 1969 na humo anataja vitu vitatu ambavyo mwalimu anatakiwa awe navyo: awe mkweli asivae sura ya bandia, amthamini mwanafunzi kama mtu bila kumuwekea masharti, na aweze kuona jambo kutokea upande wa huyo mwanafunzi. Hicho cha tatu ndo watu wanakichukulia kama huruma. Kwangu mimi ni kitu cha vitendo kabisa, kwasababu nisipojua 2/5 imetoka wapi sina ninachoweza kumfundisha huyo mtoto zaidi ya kurudia kwa sauti kubwa zaidi kile ambacho hakukielewa mwanzoni.

Kwahiyo ukitaka kuanza, anza na kunyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyefuatilia vipindi vya sayansi, alikuta mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurukia mtu mwingine au kujibu mwenyewe, na aliposaidia walimu wafikishe sekunde tatu au zaidi majibu yakawa marefu, waliokuwa wanakaa kimya wakapungua, na wanafunzi wakaanza kuchangia bila hata kuitwa. Sekunde tatu unaona ni kitu kidogo eeh, hebu jaribu ukiwa umesimama mbele ya darasa zima linakutazama, utaona zilivyo ndefu. Mimi nahesabu kimoyomoyo. Na ujue kuna kusubiri kwa pili, yani mwanafunzi akishajibu usikimbilie kusema "vizuri" au "hapana", tulia kidogo, mara nyingi anaongeza sentensi nyingine na hiyo ya pili ndo inakuonyesha fikra yake ilivyo.

Alafu maksi. Hapa najua nitapingwa na niko tayari. Mtafiti wa elimu Ruth Butler alichapisha utafiti mwaka 1988 ambapo wanafunzi waligawanywa, wengine wakapewa maksi tu, wengine maoni tu ya jinsi walivyofanya, wengine vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndo waliofanya vizuri zaidi na hamu ya kazi ikabaki, ila kumuwekea mtu maksi na maoni pamoja hakukumsaidia kama maoni peke yake. Na hili ninaliona darasani kila nikirudisha daftari, ukiweka 4/10 alafu chini yake ukaandika mistari mitatu mizuri, mtoto anaangalia 4, anachungulia ya jirani, anafunga daftari. Ukiandika tu "hatua ya pili iko sawa, angalia tena alama ya kutoa kwenye hatua ya tatu" hana cha kulinganisha na jirani, inabidi arudi kwenye hatua ya tatu.

Na maoni yawe ya kweli. Kusema "umejitahidi sana" kwa kazi ambayo mtu kaifanya dakika za mwisho ni kumdharau, anajua kabisa hakujitahidi na sasa anajua pia kwamba wewe huangalii. Mwambie hii umeikimbilia, naijua kazi yako, irudie. Kumthamini mtu bila masharti sio kukubali kila anacholeta, ni kwamba akileta kitu kibovu bado wewe humuoni yeye kuwa mbovu.

Kuhusu shida za nyumbani nilizosema ntagusa. Watu wanapenda kumtaja Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, na ile piramidi inayopanga mahitaji ya binadamu kuanzia chakula na usalama kwenda juu, ila makala yake ya 1943 haina piramidi yoyote na mwenyewe alisema mpangilio wa yale mahitaji haujakaa kwa ugumu hivyo. Ninachobeba kwake ni kwamba mtoto mwenye njaa, aliyekosa usingizi au anayeogopa kitu hawezi kukupa akili yake yote, kwahiyo anayesinzia muulize pembeni, kwa sauti ya chini, kabla hujamsimamisha mbele ya wenzake. Huwezi kutatua kila kitu, kuna mambo ni ya mshauri wa shule au wazazi, ila angalau hujamuongezea aibu juu ya shida aliyonayo.

Kwenye kumpa mwanafunzi uhuru kuna waliokwenda mbali zaidi. A. S. Neill, mwalimu kutoka Scotland, alianzisha shule ya Summerhill mwaka 1921 na pale mwanafunzi halazimishwi kuingia kipindi hata kimoja. Naheshimu alichofanya lakini sifiki huko, wengi wetu tuna silabasi na mtihani ambao hatujautunga sisi. Uhuru ninaoweza kutoa ni mdogo na nautoa kweli: kati ya maswali kumi chagua sita, ukitaka fanya peke yako au na mwenzako, ukitaka eleza kwa mchoro. Ukishasema achague basi akubaliwe alichochagua, usije ukamgeuzia baadae kwamba ulitegemea achukue yale magumu.

Najua swali linalokuja, darasa langu ni kubwa nitamsikiliza nani? Huwezi kuwasikiliza wote kila siku na hakuna anayekudai hivo. Chagua kosa moja lililojirudia kwenye daftari nyingi, liandike ubaoni bila jina la mtu, waulize "aliyepata hili jibu alikuwa anafikiri nini?" na uwaache wajadiliane wawili wawili kabla hujasema neno. Maoni bila maksi anza na zoezi moja kwa wiki, sio yote, la sivyo utachoka na utaacha. Wazazi na wakuu wa shule wakiuliza maksi ziko wapi, waonyeshe daftari lenyewe, kosa la kwanza, maoni yako, na mtoto alivyosahihisha chini yake, na waambie mtihani wa mwisho wa muhula maksi zitakuwepo kama kawaida.