Kabla ya kuiuliza akili mnemba habari za bao, kaa na wazee

Mwaka jana niliiuliza programu ya akili mnemba sheria za bao la kiswahili. Ikanijibu bila kusita: safu mbili, kete 48. Nikaenda na jibu hilo Ujiji, kwa mzee ninayemheshimu sana, ambaye kila alasiri hucheza chini ya mwembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikamsomea. Akatikisa kichwa. "Huo mchezo mwingine. Nyumba iko wapi?"

Bao letu lina safu nne za mashimo manane na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, sita kwenye nyumba, yaani lile shimo lake maalumu, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Za mkononi zikiisha, kunamua, yaani hatua ya kuingiza kete ubaoni, kumekwisha; mtaji, hatua ya kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu, unaanza.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuchunguza michezo ya kale, usiiombe mashine sheria. Ipe sheria, uiache icheze. Ndivyo walivyofanya watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, wakiongozwa na Cameron Browne, kwa programu ya Ludii. Waliandika sheria za michezo zaidi ya 1,000 kwa namna ambayo kompyuta inazielewa, kisha kompyuta ikacheza yenyewe kwa yenyewe. Pale sheria zilipopotea, hujaribiwa pendekezo moja baada ya jingine: mchezo unaisha? Anayeanza anashinda kila mara? Mchezo wa mji wa kale wa Uru, ambao mwanaakiolojia Leonard Woolley aliufukua Iraki miaka ya 1920, ulibahatika kuachiwa kibao cha udongo cha mwaka 177 KK chenye sheria zake, kilichosomwa na Irving Finkel wa Makumbusho ya Uingereza. Sisi tuna wazee, na wako hai.

Kazi ngumu ni kuandika. Mrekodi mzee akiwa anacheza, maana akieleza kwa mdomo huruka yale ambayo mkono wake umeyazoea. Mimi niliiandikia kompyuta kwamba kete ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba wakati wa kula kete za mpinzani, safari inaendelea, yaani kete zote za nyumba zinachukuliwa na kusambazwa mbele. Kompyuta ikawa inaibomoa nyumba yake mapema katika kila mchezo, jambo ambalo sijaona fundi akilifanya. Nikarudi kwa babu. Kumbe mchezaji ana hiari: asafiri, au alale, yaani aishie hapo, nyumba ibaki.

Tena, sheria za baraza moja usizichanganye na za jingine. Andika nani alikufundisha, wapi, na yeye alifundishwa na nani.

Jumamosi narudi Ujiji na daftari. Bado hatujamaliza mambo ya kutakata, yaani kucheza zamu bila kula.