Jibu: BMI ya 30.5 kwa mchukuzi wa Kilindini

Assalaam aleikum ndugu yangu. Umeuliza iwapo BMI (kipimo cha uzito kulingana na urefu) ya 30.5, ambayo kwa kuwa imefika 30 huhesabiwa unene wa kupindukia, ina maana kwamba wewe ni mgonjwa, ilhali unabeba magunia katika bandari ya Kilindini, Mombasa, kila siku na huoni tatizo lolote mwilini.

Kwanza hakiki urefu. Mimi niliwahi kuulizwa urefu badala ya kupimwa, nikataja mita 1.68 kwa kukisia. Nyumbani nikasimama ukutani bila viatu, visigino vikigusa ukuta, mke wangu akaniwekea kitabu kichwani na kupiga mstari wa penseli, na utepe wa fundi cherehani ukaonyesha 1.72. Kwa kilo zako 86, tofauti kama hiyo peke yake ingeshusha 30.5 hadi 29.1, kwa sababu uzito hugawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa urefu.

Ukipata tena 30 au zaidi, ujue kwamba hesabu hiyo, aliyoibuni Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, haitofautishi misuli na mafuta, na mchukuzi huenda ana misuli mingi. Kwa hivyo zungusha utepe kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshusha pumzi: kwa mwanamume, kuzidi sentimita 94 huashiria hatari kubwa zaidi ya kisukari na maradhi ya moyo.

Mimi si daktari, basi kapimwe shinikizo la damu na sukari kabla hujaanza kujinyima chakula.