Maswali ya Wasomaji: Kwesetini, kitunguu au kidonge?

SWALI: Ndugu mhariri, nimesoma kwamba kwesetini, flavonoidi (kemikali ya mimea) iliyomo kwenye vitunguu, huua seli za saratani maabarani. Je, ninunue vidonge vya miligramu 500 au nizidishe vitunguu tu? Natumia pia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

JIBU: Warfarini kwanza. Usimeze vidonge hivyo kabla ya kumweleza daktari wako. Kwa dozi kubwa, kwesetini inaweza kuizidishia warfarini nguvu, damu ikashindwa kuganda. Ukiona fizi zinatoka damu au choo cheusi, wahi hospitali. Kitunguu cha kwenye mboga hakina shida.

Maabarani, seli hulowekwa kwenye kwesetini tupu. Mwilini mambo ni mengine: ukuta wa utumbo na ini huibadilisha mara inapoingia, kwa kuiunganisha na salfeti au asidi ya glukuroniki, na kinachobaki kwenye damu ni kidogo mno kuliko kile kilichoua seli. Kwa hiyo si tiba ya saratani, na tunasisitiza: usiache matibabu kwa ajili yake.

Kitunguu kina faida yake. Kwesetini yake imeshikamana na glukosi, na kimeng'enya cha utumbo mwembamba huikata ikafyonzwa mapema. Rutini, ambayo ni kwesetini iliyobeba sukari mbili, husubiri bakteria wa utumbo mpana, na nyingi hupotea njiani. Ndiyo maana kulinganisha miligramu pekee hupotosha.

Gramu 100 za kitunguu kibichi zina takriban miligramu 20 hadi 40 za kwesetini, chekundu kikiongoza. Nyingi imo kwenye tabaka za nje, basi menya ganda kavu tu. Ukitupa na tabaka mbili za nyama umetupa sehemu nono. Kuchemsha huihamishia kwenye maji, kwa hiyo mchuzi usimwagwe. Ukikaanga, tumia moto wa wastani na mafuta kidogo, maana mafuta husaidia ufyonzwaji. Kikiungua, imeharibika.

Flavonoidi zilizofikia hadhi ya dawa zipo. Diosmini miligramu 450 pamoja na hesperidini 50 katika kidonge kimoja hutumika kwa bawasiri na mishipa dhaifu ya miguu. Lakini hata za vyakula vya kawaida zikikolezwa huweza kudhuru: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kuwa miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini (flavonoidi ya chai) iitwayo EGCG, kutoka vidonge vya chai ya kijani, zinahusishwa na dalili za awali za madhara kwenye ini.