Michezo ya misamiati darasani: maswali yenu nimeyajibu

Wiki iliyopita niligusia michezo ya kufundishia misamiati ya Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili, maana watoto wetu wengi wanatoka msingi walikosoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, afu ghafla Geography, Biology, vyote Kizungu. Maswali yamemiminika, yanayofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo madam. Nipo Buhongwa, Mwanza, darasa langu lina watoto 96, madawati yamebanana hata mimi kupita katikati ni kazi. Hiyo michezo naichezaje?

Marahaba mdogo wangu. Kwanza achana na michezo ya kukimbia. Ule wa watoto wawili kukimbilia ubaoni kuligusa neno unachangamsha sawa, ila piga hesabu mwenyewe, wawili wanafikiri na 94 wanashangilia.

Cheza bingo, haikugharimu hata mia. Andika maneno 15 ubaoni, mfano yale ya Geography ya wiki hiyo, kila mtoto achore visanduku 9 nyuma ya daftari achague maneno 9 anayoyataka yeye ayajaze humo, ukimaliza futa ubao. Sasa hapa ndo walimu wengi tunapoharibu, tunasoma neno lenyewe, "evaporation!", mtoto anatafuta herufi zinazofanana anakata, hajafikiria chochote na asiyejua maana anaweza kushinda vizuri tu. Usilitaje neno. Toa maana yake kwa Kiingereza chepesi, au waambie kitu wanachokiona kila siku, dagaa wanaanikwa Kayenze asubuhi wamelowa chapachapa, jioni wamekauka, maji yameenda wapi? Hapo kila mtoto analisaka neno kichwani mwake, wote 96 kwa mpigo, na hicho ndo kipimo changu cha mchezo wowote: je kila mtoto amelazimika kulikumbuka neno mwenyewe? Kama hapana basi hiyo ni burudani, ni nzuri Ijumaa saa nane mchana ila usiite kufundisha.

Na anayesema bingo asimame ayasome maneno aliyokata na maana zake. Akikwama ushindi unafutwa, mchezo unaendelea. Darasa zima hupenda sana hapo pa mwenzao kufutiwa, roho mbaya tu za watoto.

Mkuu wa shule ameniita mara mbili sababu ya kelele, na darasa la jirani linalalamika. Niache?

Usiache, badilisha mchezo. Iko michezo ya kimya kabisa. Andika maneno 10 ubaoni, wayaangalie, walaze vichwa, wewe futa moja, wakiinuka kila mtu anaandika kwenye daftari lililokosekana na maana yake. Au igiza kwa mwili bila sauti, wao wanaandika neno, hakuna kutamka. Hii ya kuigiza itakuokoa pia siku mvua ya ziwani inapopiga bati mpaka hujisikii mwenyewe, maana siku hizo wengi wetu tunaishia kukaa tu tukiangalia dirishani.

Wanaoshinda ni walewale kila siku, wengine wamekata tamaa. Nifanyeje?

Ni kwa sababu unasubiri wanaonyoosha mkono. Wape namba, kata vikaratasi weka kwenye kopo, uliza swali KWANZA, subiri kidogo, ndo uchomoe namba. Ukichomoa namba kabla ya swali wengine wote wanapumzika. Kwenye vikundi pia, wape dakika moja wafundishane, afu namba yoyote ya kikundi inaweza kuitwa kujibu kwa niaba ya wote, utaona yule mkali anavyohangaika kumfundisha mwenzake wa pembeni, maana pointi zake ziko mdomoni mwa huyo.

Maneno mangapi kwa wiki? Silabasi ndefu na mtihani wa taifa wa kidato cha pili unasubiri.

Mimi sizidishi maneno mapya 8 au 10 kwa kipindi kimoja, na mchezo unachukua dakika 10 tu kwenye kipindi cha 40. Shida kubwa sio idadi, ni kwamba tukishacheza tumemaliza, haturudii. Mjerumani mmoja, Ebbinghaus, alijipima mwenyewe na kuandika mwaka 1885 jinsi mtu anavyosahau, nyingi inapotea mapema kabisa, ndani ya siku ya kwanza. Kwahiyo maneno ya Jumatatu yarudi Jumanne, yarudi Alhamisi, yachanganywe na mapya wiki inayofuata. Halafu usifundishe mapacha siku moja, import na export ukizitoa pamoja watazichanganya mpaka Desemba. Toa moja ikae, nyingine ije baadaye.

Huku Ukerewe watoto wakicheza wanaongea Kiswahili na Kikerewe, wapo walimu wanaowachapa kwa hilo. Wewe unasemaje?

Kuchapa hapana. Mtoto anayeogopa fimbo hafungui mdomo, na asipofungua utajuaje anachokijua? Wanong'onezane kwa lugha wanayoipenda, jibu tu ndo liwe Kiingereza. Na hapo tunao mchezo wetu wa tangu bibi zetu, tena nashangaa hatuutumii. Kitendawili! Tega! "Nina nguo nyeupe juani, nakauka bila kufuliwa" hapana, hiyo mbovu, chukua hii: "Napanda juu bila ngazi, nashuka bila kuitwa." Water vapour na rain, wabishane humo wee! Wakishindwa omba mji, watakupa Nansio, watakupa Bwisya, ukishaupokea ndo utoe jibu. Wiki ya kwanza wewe utege kwa Kiswahili, ya pili kwa Kiingereza kifupi, ya tatu wao wategeane, na hapo ndo penyewe, maana mtoto hawezi kutunga kitendawili cha neno asilolielewa.

Nitoe zawadi za pipi?

Hapana. Watakaoshinda watoke kwanza mapumziko, inatosha sana.

Mimi ni mzazi, Igoma. Mwanangu anasema siku hizi Kiingereza wanacheza tu, daftari halina notsi. Nina haki ya kulalamika?

Haki unayo, lakini mjaribu kwanza. Akirudi usimuulize mmesoma nini, atakujibu "vitu vingi". Mwambie akutegee vitatu vya leo wakati unamenya viazi. Akikutega ukashindwa mpe mji, acha mwalimu aendelee. Akibaki anakodoa macho siku mbili tatu mfululizo, nenda shuleni ukaongee na mwalimu wake, kwa upole lakini.